Sanaa ya leo mtandaoni: uitafute Instagram, kwenye majukwaa ya wasanii, kwenye majarida au kwenye makumbusho?

Kwa anayependa kutazama kazi za wasanii walio hai, tabu ya siku hizi ni wingi. Michoro ya vielelezo, uchoraji wa rangi, picha za kamera na kazi zilizozaliwa ndani ya kompyuta zote zinafikika kwa simu, na njia za kuzifikia ni nyingi kiasi kwamba mtu huishia kwenye ile aliyoizoea hata kama haimfai. Ulinganisho huu ni wa mwenye muda mdogo na macho yenye njaa.

Njia ninazolinganisha ni nne. Kwanza, mitandao ya kijamii ya picha, hasa Instagram. Pili, majukwaa ambayo wasanii wenyewe hupanga kazi zao: ArtStation, Behance, DeviantArt, Pixiv, na Flickr kwa wapigapicha. Tatu, majarida ya mtandaoni yenye wahariri, kama Colossal, It's Nice That, Juxtapoz na LensCulture. Nne, makumbusho na galari, zikiwemo Google Arts & Culture na Artsy. Pinterest na Are.na nitazigusa kando, kwa kuwa kazi yake ni nyingine kidogo.

Tutapima kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza ni swali: nani amekuchagulia picha hii? Hakuna picha inayokufikia mtandaoni bila kuchaguliwa, iwe na algoriti (kanuni za kompyuta zinazopanga utakachokiona), na msanii, na mhariri au na msimamizi wa maonyesho, na kila mchaguaji ana lake analolitafuta. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vingine vyote, maana ndicho kinachoamua utakachokikosa bila kujua kwamba umekikosa.

Cha pili ni jinsi picha inavyoonekana: ukubwa wake, na kama unaweza kuikuza mpaka uone brashi ilipopita. Cha tatu ni jina na maelezo. Ukiondoka, unaondoka na jina la msanii, mwaka, vifaa na vipimo? Kwenye simu, mchoro wenye urefu wa mita 2 na mchoro unaoenea kiganjani huonekana sawasawa, kwa hiyo vipimo si urembo. Cha nne ni masharti: akaunti, matangazo, malipo, na siku hizi pia suala la akili mnemba.

Instagram na wenzake

*Nani anachagua.* Instagram ilianza 2010 ikionyesha picha kwa mfuatano wa muda. Mwaka 2016 ikaanza kuzipanga kwa kukisia utakachokipenda. Mashine haina chuki na sanaa. Inapima tu ulikosimama, ulichokipenda, ulichomtumia rafiki. Matokeo yake, kazi inayopiga jicho papo hapo ndiyo inayotangulizwa: rangi kali, uso mkubwa, video ya mkono unaochora kwa kasi. Kazi tulivu inayotaka dakika mbili za kuangaliwa hupitwa. Mwaka 2022 lilirudishwa chaguo la kuona watu unaowafuata tu, kwa mfuatano wa muda, lakini kwa kawaida unalazimika kulichagua upya kila unapofungua programu. Anayeingia kwa ajili ya sanaa afanye hivyo bila uvivu. Tofauti huonekana siku hiyohiyo.

Sifa yake kubwa ni upya. Mchoraji akimaliza kazi asubuhi, mchana umeshaiona, na kabla ya hapo umeona chumba chake cha kazi, majaribio yaliyotupwa na turubai ikiwa nusu. Jarida haliwezi kasi hiyo, sembuse makumbusho. Mike Winkelmann, anayejulikana kama Beeple, alianza kutengeneza picha moja kila siku tarehe 1 Mei 2007 na kuziweka mtandaoni. Machi 2021 mkusanyiko wa picha zake 5,000 uliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa dola milioni 69.3, na mafuriko ya habari yakafuata. Waliokuwa wakimfuata mtandaoni walikuwa wamezitazama bure, moja baada ya nyingine, kwa miaka mingi.

*Picha inavyoonekana.* Hapa ndipo panapouma. Kwa miaka mingi upana wa kawaida wa picha ya Instagram umekuwa pikseli 1080. Chukua mkusanyiko huohuo wa Beeple: faili lililouzwa lina pikseli 21,069 kwa 21,069, na picha 5,000 zimepangwa ndani yake kama vigae. Lishushe hadi upana wa 1080, na kila picha inabakiwa na kama pikseli 15 tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Madoa matupu. Kielelezo kilichochorwa kwa ajili ya kioo cha simu hakiathiriki sana. Mchoro mkubwa wa rangi za mafuta unaathirika vibaya.

*Jina na maelezo.* Kwenye akaunti ya msanii mwenyewe jina lipo, ingawa vipimo na mwaka mara nyingi havipo. Zipo pia kurasa zinazokusanya kazi za wengine. Nyingine huandika jina la kila msanii kwa uangalifu, nyingine hazijali. Ukikuta ukurasa wenye wafuasi wengi usiotaja wasanii, achana nao, hata kama picha zake ni nzuri kiasi gani.

*Masharti.* Bila akaunti utazuiwa baada ya kuperuzi kidogo, na matangazo hukatiza kila picha chache. Kanuni zake zinaruhusu uchi kwenye picha za michoro na sanamu, ila picha za kamera zinabanwa, kwa hiyo sehemu fulani ya upigaji picha wa kisanaa hutaiona kabisa huko au utaiona imefunikwa. Kisha lipo la akili mnemba. Mwaka 2024, baada ya Meta, kampuni inayomiliki Instagram, kueleza kwamba machapisho ya wazi yangetumika kufunza mifumo yake, wasanii wengi, hasa wa vielelezo, walifungua akaunti Cara, mtandao ulioanzishwa na mpigapicha Jingna Zhang na wenzake, usiopokea picha zilizozalishwa na akili mnemba. Ukishangaa kwa nini fulani amepunguza kuposti, huenda jibu liko huko.

*Inamfaa* anayejua tayari majina kadhaa na anataka kuwafuatilia kwa karibu. Kwa anayeanza bila jina hata moja, itampa kile ambacho kila mtu anakitazama.

Majukwaa ya wasanii wenyewe

*Nani anachagua.* Msanii mwenyewe hupanga kazi zake, na umaarufu miongoni mwa wasanii wenzake huzipandisha. Hilo la wenzake lina uzito: wanaopiga kura wanajua ugumu wa kuchora mkono ulioshika kitu. Kila jukwaa lina wenyeji wake. ArtStation, iliyoanza 2014 na kununuliwa na Epic Games 2021, ni nyumba ya wanaobuni wahusika na mandhari za michezo ya video na filamu. Behance, iliyo chini ya Adobe tangu mwisho wa 2012, imejaa vielelezo vya kibiashara, usanifu wa michoro na miradi mirefu iliyoelezwa hatua kwa hatua. DeviantArt ipo tangu Agosti 2000, na ndipo utakapomkuta mwanafunzi wa miaka kumi na mitano karibu na bingwa. Pixiv ya Japani, iliyoanza 2007, ni bahari ya vielelezo vya mtindo wa manga. Flickr, ya 2004, bado ni mahali pa heshima kwa wapigapicha.

Udhaifu uko palepale penye nguvu: hakuna mlinzi mlangoni. Kurasa za mbele za ArtStation zinaweza kukuchosha kwa mashujaa wenye deraya na majoka, ukaondoka ukidhani sanaa ya kidijitali ndiyo hiyo basi. Dawa ninayoipendekeza ni kuacha ukurasa wa mbele na kufuata nyayo. Mpate msanii mmoja unayempenda kweli, kisha fungua orodha ya kazi alizozipenda yeye na watu anaowafuata. Macho ya msanii ni mwongozo mzuri sana, na ndani ya hatua tatu nne utafika mahali ambapo ukurasa wa mbele usingekufikisha kamwe.

*Picha inavyoonekana.* Kwa jumla ni kubwa na safi kuliko kwenye mitandao ya kijamii. ArtStation ina desturi nzuri ya kuweka kazi iliyokamilika pamoja na hatua zake: mchoro wa penseli, mgawanyo wa mwanga na kivuli, vipande vilivyokuzwa, hata programu iliyotumika. Kwenye Flickr, mpigapicha mwenye akaunti ya kulipia akiruhusu, unapakua picha kwa ukubwa wake wa asili, na chini yake unasoma kamera, lenzi, tundu la lenzi na kasi ya shata. Ukiona ndege aliyeganda angani, kila unyoya umekaa peke yake, halafu ukasoma chini yake 1/2000 ya sekunde na lenzi ya milimita 500, unaanza kuelewa picha ilivyopatikana. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa jambo hilo kirahisi hivyo.

*Jina na maelezo.* Jina lipo daima, mara nyingi na tovuti ya msanii pia. Flickr huonyesha wazi leseni ya kila picha, jambo la maana kwa anayetaka kuitumia kazi mahali pengine. Kinachokosekana ni muktadha. Hakuna anayekueleza kazi hii inajibizana na nani.

*Masharti.* Kutazama ni bure kwa sehemu kubwa, ingawa Pixiv hutaka akaunti ili uone kikamilifu. Flickr huwawekea wenye akaunti za bure kikomo cha picha 1,000 tangu 2019, kwa hiyo wapigapicha waliobaki na akaunti kubwa mara nyingi ni wale wanaolipia, yaani waliodhamiria. Kuhusu akili mnemba, moto uliwaka hapa kabla ya kwingine: Desemba 2022 kurasa za ArtStation zilijaa alama za kupinga, zilizowekwa na wasanii mmoja baada ya mwingine. Leo DeviantArt na Pixiv zinawataka wanaopakia kazi za aina hiyo kuziwekea alama, nawe unaweza kuzipunguza au kuzificha kwenye mipangilio. Lakini alama huwekwa na mpakiaji mwenyewe, na si wote waaminifu.

*Inamfaa* anayechora au kupiga picha na anataka kujifunza kwa kuona, pamoja na mpenzi wa vielelezo na sanaa ya kidijitali. Wa uchoraji wa rangi atapata kidogo, kwa kuwa wachoraji wengi wa turubai hawako huko.

Majarida yenye wahariri

*Nani anachagua.* Mtu mwenye jina na mapendeleo yake. Colossal ilianzishwa Chicago na Christopher Jobson mwaka 2010, nayo hupenda kazi za ufundi wa mikono zinazostaajabisha: karatasi iliyokatwa, uzi, kioo, sayansi ikikutana na sanaa. It's Nice That ya London, tangu 2007, huelekea kwenye vielelezo na usanifu wa michoro. Juxtapoz, iliyoanza kama gazeti la karatasi San Francisco mwaka 1994, ilitokea upande wa vibonzo, uchoraji wa mitaani na wachoraji waliopuuzwa na galari kubwa. LensCulture ni ya picha za kamera. Contemporary And, tangu 2013, hufuatilia sanaa ya leo kwa mtazamo wa Afrika na wenye asili yake popote walipo, na kwa maoni yangu maandishi yake ni mazito kuliko ya majarida mengi yenye wasomaji zaidi.

Uzuri wa mhariri ni kwamba anaweza kukuletea usichokitafuta. Algoriti hukupa jamaa wa ulichokwisha kupenda. Mhariri mzuri hukuletea mgeni na kukueleza kwa nini amemkaribisha. Ubaya ni kwamba ladha yake ni moja. Soma jarida moja kwa mwaka mzima na utaanza kutabiri kitakachofuata. Pia majarida husomana, ndiyo maana msanii mmoja huonekana kote ndani ya mwezi mmoja kisha akatoweka.

*Picha inavyoonekana.* Ukubwa wa wastani, lakini kwa mpangilio wenye maana. Hili linawahusu sana wapigapicha. Zanele Muholi alianza mwaka 2006 mfululizo wa picha za watu uitwao Faces and Phases, na nguvu yake imo katika nyuso nyingi zinazokutazama usoni moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka. Picha moja ya mfululizo huo ikikupitia kati ya matangazo mawili, umeona picha nzuri ya mtu. Zikipangwa kumi na mbili pamoja na maelezo, umeanza kuona kazi yenyewe.

*Jina na maelezo.* Hapa majarida yanaongoza kwa maelezo: msanii alisema nini, anatumia nini, alianzia wapi.

*Masharti.* Mengi husomeka bure na hutuma jarida la barua pepe. Matangazo yapo. LensCulture huendesha mashindano ambayo washiriki hulipia kiingilio, jambo la kukumbuka unapotazama orodha ya washindi: hao ni bora miongoni mwa waliolipa kuingia.

*Inamfaa* mwenye dakika kumi kwa siku asiyetaka kuchimba mwenyewe.

Makumbusho na galari mtandaoni

*Nani anachagua.* Wasimamizi wa makusanyo na wa maonyesho, watu waliosomea kazi hiyo. Wanachelewa. Msanii huwafikia baada ya miaka ya kujulikana kwingine. Artsy, inayokusanya galari za nchi nyingi, iko karibu zaidi na leo, ila mchaguaji wake ni soko: unaona kinachouzwa, mara nyingi na bei yake.

*Picha inavyoonekana.* Inategemea hakimiliki. Katika nchi nyingi hakimiliki huishi miaka 70 baada ya msanii kufa, kwa hiyo makumbusho yanaweza kugawa picha kubwa za kazi za kale lakini yanahitaji ruhusa kwa kazi za walio hai. Mwaka 2017 The Met ya New York iliachia bure picha za kazi zaidi ya 375,000 zisizo na hakimiliki. Fungua mchoraji wa leo kwenye tovuti nyingi za makumbusho, na unaweza kukuta kijipicha kidogo, au kisanduku kitupu.

Lakini ruhusa ikipatikana, hakuna pa kushindana napo. Google ilipozindua mradi wake wa sanaa Februari 2011 pamoja na makumbusho 17, kila moja ilitoa kazi moja ipigwe picha ya mabilioni ya pikseli. Tate ya London ilichagua kazi ya mwaka 1998 ya Chris Ofili, No Woman, No Cry. Kwa ukubwa wa simu unaona mwanamke mweusi, uso umegeukia upande, analia machozi ya samawati. Ikuze. Ndani ya kila chozi umebandikwa uso mdogo wa kijana: ni Stephen Lawrence, aliyeuawa London mwaka 1993 katika shambulio la ubaguzi wa rangi. Wanaolipita chozi bila kulikuza wanaipita kazi nzima. Na bado skrini ina mwisho wake, kwa sababu Ofili ameandika maneno ya kumwombea Lawrence apumzike kwa amani kwa rangi inayong'aa gizani, na kwa hayo unahitaji chumba chenye giza na turubai yenyewe.

*Jina na maelezo.* Kamili: jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, kazi iko wapi. Kazi hiyo ya Ofili ina sentimita 243.8 kwenda juu na 182.8 kwa upana, nayo imekalishwa juu ya mabonge mawili ya kinyesi cha tembo. Hakuna maelezo ya Instagram yatakayokuambia hayo.

*Masharti.* Karibu yote ni bure bila akaunti. Artsy hukusukuma ujisajili. Ongeza video za Art21, ambayo kipindi chake cha televisheni kilianza 2001, na Louisiana Channel ya makumbusho ya Louisiana ya Denmark, iliyoanza 2012. Humo wasanii huzungumza wakiwa kazini, bila haraka.

*Inamfaa* mpenzi wa uchoraji wa rangi, mwalimu, mwandishi, na yeyote anayetaka kukaa na kazi moja kwa muda.

Pinterest na Are.na

Hizi ni za kukusanyia zaidi kuliko kugundulia. Pinterest hutafuta vizuri ajabu kwa kufanana: bonyeza mchoro wa bahari na utaletewa bahari mia. Lakini picha hubandikwa na kubandikwa tena hadi jina la msanii hudondoka njiani, na kazi za akili mnemba zimejichanganya humo kwa wingi. Are.na ni ndogo, haina matangazo wala hesabu ya waliopenda, na watumiaji wake wengi hubandika pamoja na chanzo. Popote utakapoikuta picha isiyo na jina, ipitishe TinEye au Google Lens, zana za kutafuta picha ilikotoka, kabla ya kuihifadhi.

Kulingana na hali yako

Kama hujui uanzie wapi, jiandikishe kwenye majarida mawili yenye ladha zinazopingana, kwa mfano Colossal na Contemporary And, na uandike majina yanayokugusa. Baada ya wiki chache utakuwa na orodha. Hapo ndipo Instagram inapoanza kukufaa: wafuate hao, na utumie mpangilio wa muda.

Kama wewe ni mchora vielelezo au wa kidijitali, kaa ArtStation au Behance na ufuate wanaopendwa na unaowapenda. Ukitaka kukaa mbali na akili mnemba, washa vichujio vya jukwaa lako na uongeze Cara.

Mpigapicha atafute picha moja moja Flickr, na mifululizo LensCulture. Akibaki na ya kwanza peke yake atajifunza kamera bila kujifunza kusimulia.

Mpenzi wa turubai aanze na video za Art21 au Louisiana Channel, kisha amtafute msanii huyo kwenye Artsy aone kazi zake za karibuni, na kwenye tovuti ya makumbusho asome vipimo. Akikosa picha kubwa, tovuti ya galari inayomwakilisha msanii huwa nayo mara nyingi kuliko makumbusho.

Anayetafuta kazi ya kununua atumie Artsy kulinganisha bei, lakini kabla ya kulipa afungue akaunti ya msanii mwenyewe: wengine huuza nakala zilizochapwa na kusainiwa moja kwa moja kwenye tovuti zao.

Na mwenye intaneti ya kusuasua aegemee majarida ya barua pepe. Maandishi hufika hata picha zikichelewa, na jina la msanii huwa limeshaingia kwenye daftari.